Siku Nne za Mwanaheri na Kemshafti ya Mafiga

"Hiyo pikipiki haijaharibika. Umeifundisha kunikataa mimi."

Mwanaheri alisema hivyo akiwa amesimama kwenye kizingiti chake, mikono kiunoni. Mumewe Abdulswamad yuko uani anahema, jasho limemlowesha mpaka mkanda wa suruali, kashika usukani wa pikipiki aliyoisukuma kwa miguu kutoka mtoni. Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Zamu ya Mwanaheri ilianza Jumatano alasiri na ilikuwa inakwisha saa ileile. Kwa maneno mengine mume alifika nyumbani dakika anayotakiwa kuondoka.

Abdulswamad akajibu kwamba injini ina tatizo dogo, fundi analishughulikia. Mwanaheri akamuuliza hilo tatizo dogo mbona linaanza pale mlima unapoanza, na kule mjini Mafiga kwa mke mwenziwe Zuhura halijulikani. Akamhesabia: mwanzo wa mwezi alikosa siku moja, wiki iliyofuata moja, na sasa mbili mfululizo.

"Siku zangu nne, Swamadi. Nne. Umezipeleka wapi?"

Mwanamume akaegemeza pikipiki ukutani. Akanywa maji kikombe kizima, akageuza pikipiki, akapanda, akateremka nayo injini imezimwa. Kushuka hakukuwa na tatizo lolote.

Nyumba yangu iko chini ya ya Mwanaheri, paa langu linalingana na kizingiti chake, hivyo ugomvi wa kwake hunidondokea jikoni bila mimi kuutafuta. Na hata ningekaa mbali ningemjua. Tumesoma darasa moja hapahapa Towelo mpaka la saba, tukaanza kulima karoti mwaka mmoja, na tumeshuka na vikapu kichwani kwenda mjini mara nyingi kuliko nywele za mumewe, ambazo siku hizi si nyingi. Mwanaheri ni mwanamke wa mstari mnyoofu. Matuta yake yamenyooka, karoti zake anazifunga mafungu yanayolingana, na ukimwazima chumvi kijiko kimoja atakurudishia kijiko kimoja kilichokatwa juu kwa kisu.

Abdulswamad alikuja kwake miaka ishirini na miwili iliyopita, kijana wa tambarare mwenye baiskeli; siku hizi hubeba abiria mjini kwa pikipiki. Huku kwetu shamba ni la ukoo wa mama, na nyumba alimojengewa Mwanaheri imesimama kwenye ardhi ya mama yake. Mume anakaa kwa kukaribishwa. Akishindikana, mjomba wa mke anaitwa, begi linatolewa nje, na hakuna anayegawana tuta na mtu. Abdulswamad analijua hilo vizuri, ndiyo maana miaka miwili iliyopita alipotaka kumwoa Zuhura alikuja kusema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba moto. Mwanaheri alimjibu mbele yangu: "Oa. Dini imekuruhusu. Lakini siku zangu usiziguse." Wakapanga siku mbili mlimani, siku mbili Mafiga, kubadilishana baada ya alasiri.

Watu walimsifu kwa moyo mpana. Moyo mpana gani. Mimi niliyekuwa chini yake nilimwona jinsi anavyoacha jembe alasiri ya zamu yake na kutega sikio bondeni. Pikipiki zinazopanda Towelo ni nyingi na zote za Kichina, lakini ya Abdulswamad aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe. Ilikuwa inapanda na mlio mzito wa pole, tu-tu-tu-tu, haina haraka, ina gunia la mbolea nyuma na bado inavuta. Akiisikia kwenye daraja, anabandika chai. Inapofika mlangoni chai imeiva. Mwenyewe anajifanya hakuwa anangoja.

Kisha ule mlio ukabadilika. Ikawa pikipiki inalia nyembamba kama nyigu, hata ikisimama inadundadunda inataka kuzima. Tunaisikia ikitoka kule chini kwa kishindo, inafika kona ya mawe baada ya mto, inakohoa mara mbili, kimya. Mara ya kwanza aliisukuma akafika magharibi. Mara nyingine hakufika kabisa.

Hapo katikati mimi nikaharibu zaidi, na nitasema ukweli sijutii sana. Nilikuwa nimekwenda Kingolwira kumwona ndugu yangu, nikiwa kando ya barabara ikanipita pikipiki inaruka kama imefukuzwa. Dereva ni Abdulswamad. Nyuma amekaa Zuhura, mtandio unapepea, mkono mmoja kiunoni kwa mume na mwingine umeshika mfuko wa unga. Walikuwa wanacheka. Niliporudi nikamwambia Mwanaheri. Aliniuliza maswali kwa utulivu: walikuwa wanakwenda kasi gani, mtandio wa rangi gani, unga kilo ngapi. Nikamjibu yote. Akaendelea kumenya ndizi, akaimenya moja mpaka ikabaki kama kidole.

"Kwa hiyo kwa yule inaruka," alisema. "Kwangu inakohoa."

Sasa ile Ijumaa, baada ya mume kuteremka, Mwanaheri alikuja kwangu akakaa kwenye kinu. Akaniambia kesho Jumamosi anashuka kwa fundi. Alikuwa na hakika kwamba pikipiki imefanyiwa kitu kwa makusudi isifike kwake, na aliyetaka hivyo ni yule wa Mafiga. Ikithibitika, Jumapili mume akija kwenye zamu atakuta mjomba amekaa uani na begi liko tayari. Hakuwa anatishia. Begi lenyewe alikuwa ameshalitoa juu ya kabati na kulifuta vumbi.

Nikamwambia twende wote. Mambo kama hayo mtu haendi peke yake.

Tuliteremka alfajiri na karoti, tukaziuza sokoni, tukaenda Mwembesongo kwa fundi Ignas. Ni mtu wa Kilombero, mfupi, mikono myeusi mpaka viwiko, banda lake limezungukwa na pikipiki zilizokatwa vichwa. Alitusalimia bila kuacha kazi. Mwanaheri hakuzunguka. Akamwambia yeye ni mke mkubwa wa Abdulswamad, na amekuja kuuliza fundi alilipwa na nani ili pikipiki ikatae mlima.

Ignas akaweka spana chini. Akacheka, kisha akaona Mwanaheri hacheki, akaacha. Akavuta kopo la siagi lililojaa oili, akatoa ndani yake kijiti cha chuma kirefu kama kidole cha kati, kina vinundu viwili vya umbo la yai. Akakifuta. Akatoa kingine kwenye boksi, akaviweka pamoja juu ya kitambaa.

"Hii inaitwa kemshafti, dada. Juu ya injini kuna milango miwili midogo, valvu. Mmoja unaingiza hewa na mafuta, mwingine unatoa moshi. Hivi vinundu vikizunguka ndivyo vinavyoisukuma ifunguke. Hii niliyotoa kwenye oili ndiyo iliyokuwa kwenye pikipiki ya mzee. Na hii ni sawasawa na niliyomfungia sasa. Shika, usiogope oili."

Mwanaheri akashika moja kwa kila mkono. Hata mimi niliona tofauti. Ile mpya vinundu vyake vilikuwa vinene, mabega yamejaa.

"Hii ya mabega inaacha mlango wazi muda mrefu," Ignas akaendelea. "Injini ikizunguka kwa kasi sana, huo muda mrefu inauhitaji, inajaza kifua vizuri. Lakini ikizunguka polepole, pistoni inaanza kupanda wakati mlango haujafungwa. Kile kilichokwisha kuingia kinasukumwa kurudi nje."

"Inacheua," alisema Mwanaheri.

"Ndiyo hivyo, inacheua."

"Kwa hiyo nguvu umezipunguza."

"Sijapunguza. Nimezihamisha. Zamani zilianzia chini, anatia resi kidogo tu inavuta. Sasa huko chini ni patupu. Nguvu zinaanza resi ikishakuwa juu, pale inapolia kama nyuki. Barabara ya lami anafika hapo mara moja na anabaki hapohapo, anaona raha. Kwenu huko kuna kona, kuna mawe, gunia liko nyuma. Akipunguza resi kidogo akate kona, injini inaangukia kwenye lile patupu. Haipandi tena. Nilimwekea nyuma sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la mnyororo, ili resi isishuke. Ikapanda, lakini kwenye utelezi ikifika kwenye nguvu zake inafika kwa fujo, tairi linazungukia palepale. Nikaitoa."

Mwanaheri akamuuliza mwenye akili timamu gani anamfungia mtu wa Towelo chuma cha namna hiyo. Ignas akasema alimwambia mzee tangu mwanzo. Lakini mzee alikuwa amechoka kugombezwa. Huku akichelewa anasemwa, kule akichelewa anasemwa, akataka pikipiki ya kumfikisha kote mapema. Vijana wa kijiweni wakamsifia hiyo kemshafti. Ilipofungwa, Ignas akamwambia kaijaribie mlimani. Yeye akasema mlima ni uzito tu, akapakia mtu na mfuko wa unga akaenda kuijaribia Kingolwira, barabara iliyonyooka kama rula. Akarudi amefurahi, anasema imebeba uzito wote na bado imeruka.

Nilimwangalia Mwanaheri. Mtandio, kicheko, unga, vyote vilikuwa vinampita usoni upya, na sasa vina maelezo. Ungedhani atapoa. Wivu haupoi kwa maelezo ya valvu.

"Ya zamani unaweza kuirudisha?"

"Leo hiihii. Lakini hiyo niliyofunga ina mwenyewe. Aliyeinunua ni dada wa Mafiga, alipokea pesa za mchezo wa akina mama wa kuchangiana, akaja nayo hapa mwenyewe. Nikiitoa bila yeye kujua atasema nimeiuza."

Hapo Mwanaheri alivirudisha vile vyuma kwenye kitambaa taratibu sana. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke mwingine alinunua zawadi na zawadi yenyewe imo ndani ya injini, inazunguka, kila mume anapokuja kwake inakuja naye. Aliniambia baadaye kwamba afadhali ingekuwa shati, shati angelifua.

Tulipokuwa tunageuka Ignas akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua si kazi yake: "Na dada, kama ni zile siku alizokosa kufika, alilala hapa. Nyuma ya banda, kwenye viti vya bajaji. Siku nne zote. Aliona aibu, dereva wa miaka yote hiyo kushindwa na kilima."

"Mnalindana," alisema Mwanaheri, akatoka.

Hakumwamini. Angeapishwa Ignas kwa vitabu vyote asingemwamini. Mtu mmoja tu mjini pale angeweza kumwambia ukweli kuhusu siku zile, naye ni mtu ambaye kwa miaka miwili Mwanaheri hakuwahi kukanyaga kwake. Tukaenda Mafiga kwa miguu, jua la saa saba, vikapu vitupu mkononi.

Zuhura tulimkuta barazani na cherehani, ameweka sketi za shule za watu kwenye kamba. Ni msichana wa kama miaka ishirini na minane, mwembamba, sindano mdomoni. Alipotuona akazitoa sindano moja moja akazichomeka kwenye kanga yake, akasimama.

"Shikamoo, dada."

Mwanaheri alichelewa kuitikia. Alikuwa anaangalia mlango, pazia, viatu vya Abdulswamad vya mvua vilivyopangwa ukutani vimeoshwa. Kwake vinakaa na matope.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Jumatano na Alhamisi, na ile siku moja ya mwanzo wa mwezi, na moja ya wiki iliyofuata, mume wangu alikuwa hapa?"

Zuhura akakunja uso. "Jumatano si alikuja kwako?"

"Nimekuuliza wewe."

"Aliondoka hapa Jumatano saa tano asubuhi. Saa tano, dada, alasiri iko wapi. Tangu mwezi huu kila siku ya kuja kwako anaondoka mapema, anasema anawahi mlima. Mimi nakaa hapa nasema moyoni, huyo mkubwa sasa hazimtoshi siku zake, anakula na nusu ya zangu." Sauti yake ilianza kupanda. "Na ile siku moja ya mwanzo wa mwezi, na ile nyingine, aliniambia alikuwa kwako pia. Nimekaa hapa nimechomwa na wivu kwa ajili ya siku zilizokuwa haki yako, nikajiona mjinga, nikanyamaza."

Walitazamana. Mimi nilitazama sketi. Wake wawili walikuwa wamelia kila mmoja mahali pake juu ya siku nne ambazo mwenye nazo alikuwa ni kiti cha bajaji.

Mwanaheri akamweleza mambo ya kemshafti, kwa kifupi na vizuri, kama Ignas mwenyewe: nguvu zilizohamia juu, patupu palipobaki chini, kona ya mawe. Zuhura alisikiliza mkono ukiwa kwenye gurudumu la cherehani. Akasema Abdulswamad hakumwambia lolote. Kila akimuuliza inakwendaje, alijibu inakwenda vizuri sana, mke wangu.

"Alishindwa kukuambia zawadi yako haifai," alisema Mwanaheri.

"Nilitaka awahi kwako," alisema Zuhura. "Alikuwa anarudi kutoka huko kasemwa, ananuna, na siku ya kwanza ya zamu yangu inaisha kwa kununa. Nikasema bora nimnunulie mwendo."

Sidhani kama Mwanaheri alilipenda hilo jibu. Angekuta ni hila angekuwa na la kufanya, na begi lilikuwa limeshafutwa. Wema wa mke mwenza ni mgumu kushika, hauna mpini.

Akamwomba ruhusa chuma kitolewe. Aliomba kweli, kwa neno la kuomba. Zuhura akasema kitolewe, atawauzia vijana wa kijiweni wanaokwenda lami.

"Na siku zangu nne anilipe," alisema Mwanaheri.

"Azilipe kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye zako. Kuna siku nyingine zipi?"

Zuhura akaketi. "Siku hizo mimi sikuzila, dada. Kwa nini nizitapike?"

"Na mimi sikuzila."

Zuhura akaizungusha cherehani bila uzi. Kisha akasema: "Chukua. Chukua zote. Isije ikasemwa huko mlimani nimekula haki ya mtu."

Tulirudi Towelo jioni ile tukipanda na vikapu vitupu, na Mwanaheri hakusema kama ameshinda.

Jumapili Ignas alirudisha kemshafti ya zamani. Alasiri tukasikia bondeni tu-tu-tu-tu, nzito, haina haraka. Ikafika kona ya mawe, ikapunguza, ikavuta, ikapita. Mwanaheri alikuwa ameshabandika chai. Hakukuwa na mjomba uani. Abdulswamad aliambiwa kila kitu kinachojulikana, akaulizwa kwa nini alidanganya nyumba mbili ili alale kwenye bajaji, akasema hajui. Mimi namwamini, wanaume wengi hawajui.

Siku zake mbili za zamu zikapita. Jumanne alasiri likaanza kulipwa deni. Jumatano mume akaziba paa la banda la kuku. Alhamisi akakaa uani hana kazi, anachezea ufunguo wa pikipiki. Abiria wake wa mjini wanampigia simu, anawajibu yuko mbali. Mwanaheri alikuwa kwenye matuta, lakini nilimwona: kila dakika chache anainua kichwa na kuangalia chini, upande wa mji, kule ambako Mafiga haionekani hata ukipanda juu ya paa. Nilijua anamwona nani. Anamwona mtu amekaa barazani anahesabu.

Adhana ya alasiri ilipokwisha akaacha jembe, akanawa miguu, akaja mbele ya mumewe.

"Nenda Mafiga."

"Bado siku mbili," alisema Abdulswamad.

"Hizo mbili nimesamehe."

"Umenichoka?"

"Sijakuchoka. Nimekaa na wewe siku nne na wivu haujapungua hata kidogo. Sasa naionea wivu hata huzuni ya yule. Nenda."

Alimfungia mafungu mawili ya karoti kwenye kiti cha nyuma, yanayolingana, majani juu. Abdulswamad akawasha, pikipiki ikatulia kwa mlio wake wa pole. Alipoanza kuondoka Mwanaheri akamshika begani.

"Na umwambie ni mimi niliyesamehe. Usije ukafika huko ukajipa sifa."